Mkono wa Mama Yako Mkutanoni

Elineema mwanangu,

Umekwenda kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi kabla ya giza, maana shangazi yako hajui kuaga kwa neno moja. Nimekaa hapa mlangoni na daftari magotini, jua bado lipo. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Singida, kisha unaendelea mpaka upande wa Itigi, kwenye kijiji ambacho mimi nimekiona tu kwenye barua yako ya ajira. Afisa Mtendaji wa Kijiji. Nimelisoma hilo neno mara nyingi kuliko ulivyolisoma wewe mwenyewe.

Sitakuambia habari za chandarua, wala kuchemsha maji, wala kula hovyo njiani. Hayo yote shangazi yako anayasema sasa hivi, na atakufungia na unga wa uwele juu yake. Mimi naandika kwa ajili ya kile ulichoniomba juzi tulipokuwa tunapeta alizeti. Ulisema, "Baba, niandikie yale maneno yako ya kufungulia mkutano. Nataka mikutano ya kule iwe na nidhamu kama yako."

Nilikuitikia haya, nikaendelea kupeta. Ulidhani nimefurahi, na kweli nilifurahi, nisiseme uongo. Halafu roho ikaniuma mpaka nikaweka ungo chini, nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya naangalia mbuzi.

Maneno yenyewe ni haya. Yanakili vizuri, umpe mwenyekiti wako kama hana ya kwake:

"Ndugu wananchi, kwa kuwa akidi imetimia, na kwa mamlaka mliyonipa, natamka kwamba mkutano mkuu wa kijiji umefunguliwa rasmi, leo, saa nne kamili asubuhi. Mwenye neno anyooshe mkono, asubiri kuitwa, aseme kupitia kwa mwenyekiti."

Basi, ndiyo hayo. Hayana uchawi wowote. Yaliyobaki kwenye barua hii hukuyaomba, lakini ni lazima uyasikie, na uyasikie kutoka kwangu kabla hujayasikia kwa watu. Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu wiki nzima. Kila nikikaa mbele yako nageuka mwenyekiti, naanza kupanga nini kitangulie na nini kifuate, na mwisho naahirisha. Kwenye karatasi angalau siwezi kukuambia unyamaze.

Wewe ulinikuta tayari ni mwenyekiti, hujui nilianzaje. Mimi ni mtu wa darasa la saba na jembe. Waliponichagua walinichagua kwa sababu sinywi na ninajua kusoma kwa sauti. Tukapelekwa Kiomboi kwenye semina, wenyeviti wa vijiji vingi, siku tatu tunafundishwa kuendesha mkutano. Tukapewa kijitabu cha jalada la kijani. Mwanangu, kile kijitabu nilikipenda. Nilikuwa nakisoma nikichunga. Kilisema kila jambo lina mahali pake: kufungua, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, agenda za siku, mengineyo, kufunga. Mimi niliyekulia kwenye boma la watu kumi na mmoja, ambako mwenye sauti kubwa ndiye aliyekula nyama, niliona hapo kuna haki. Mkono juu, zamu yako, sema. Hata mnyonge atasikika. Niliamini hivyo kwa moyo wote, na mpaka leo naamini, ndiyo maana jambo hili linaniuma zaidi.

Mkutano wangu wa kwanza uliniaibisha. Tulikusanyika mbele ya lile ghala la zamani la ushirika, wanaume kwenye mabenchi, akina mama chini kwenye khanga zao upande wa ukuta. Nikasimama, nimevaa koti la kuazima, nikatamka mkutano umefunguliwa rasmi. Mzee mmoja wa ukoo wa babu yako, marehemu sasa, akasema bila hata kunyoosha mkono kwamba mkutano haujafunguliwa. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Kijana hajatoa shikamoo." Na watu wote wakanitazama. Nilizunguka benchi kwa benchi, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, mpaka kwa bibi wa mwisho kule ukutani, ndipo yule mzee akatikisa kichwa na mimi nikarudi kufungua upya. Katibu wangu aliuliza aandike saa ya kwanza au ya pili.

Nilicheka baadaye, lakini kwa siku kadhaa niliona moto. Nikajiambia haitatokea tena mtu aniharibie mkutano. Hapo ndipo nilipokosea njia, naona sasa. Yule mzee alikuwa ananifundisha niwaone watu kabla sijaanza kuwasemesha. Mimi nikajifunza kuwanyamazisha.

Nikanunua filimbi. Ukiongea bila ruhusa, filimbi. Ukitoka nje ya hoja, filimbi. Saa nne kamili nafungua, aliyechelewa asimame nyuma. Kijiji kizima kilikuwa kinaniita Mzee Utaratibu, nami nikajitia hamnazo, kumbe moyoni nafurahi. Diwani alinisifu mbele ya wenyeviti wenzangu. Kichwa kikavimba. Na sikujiuliza hata siku moja kwa nini saa nne kamili upande wa ukutani unakuwa na akina mama wanane tu, na wanaosimama nyuma kama waliokosea wote ni akina mama. Walikuwa mtoni. Walikuwa wanasubiri maji yajae kwenye visima vya mchangani, kikombe baada ya kikombe, unavyojua mwenyewe jinsi visima vile vilivyo Septemba. Akidi yangu ilikuwa inatimia kwa wanaume. Mama yako alikuwa mmoja wa wale wa kusimama nyuma. Alikuwa akija na ndoo, anaishusha polepole isipige kelele nisije nikapuliza filimbi.

Sasa nifike kwake, maana nazunguka.

Mwaka ule wewe ulikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Kijiji kilikuwa kinajenga zahanati, na kila kitongoji kilipewa zamu ya kufyatua tofali. Udongo mzuri tuliupata kwenye ukingo wa mto, pale juu ya visima. Vijana walikuwa wanachimba ukingo kwa chini, kwa sababu ndiko udongo ulikolainika. Msimamizi wa kazi akachaguliwa baba yako mdogo. Alichaguliwa kwa kura, mimi sikutia mkono, lakini watu ni watu, wakaanza kusema kijiji kimekuwa cha familia moja. Yaliponifikia nilishikwa na hasira. Mkutano uliofuata nikatangaza utaratibu wangu mpya, haukuwemo kwenye kijitabu chochote, niliutunga mwenyewe: mtu yeyote wa nyumba ya mwenyekiti atasema mwisho, baada ya wananchi wote kumaliza. Walipiga makofi. Mama yako naye alipiga, nilimwona.

Na nyumbani nilikuwa na utaratibu mwingine. Sikutaka ionekane ninapelekewa maneno jikoni halafu nayaleta mkutanoni kama yangu. Kwa hiyo mama yako akianza jambo la kijiji, namwambia, "Marietha, hapa si mkutanoni. Lipeleke mkutanoni." Nilikuwa nalisema kwa upole, hata kwa utani. Yeye anasema haya, anaendelea na kazi zake. Unaona nilivyofanya, Elineema? Nyumbani namwambia asemee mkutanoni. Mkutanoni namwambia aseme mwisho. Milango miwili, na yote nimeifunga mimi, na bado nikilala usingizi unakuja.

Wiki moja kabla ya mkutano ninaotaka kukueleza alikuja kutoka mtoni, akatua ndoo, akasema, "Baba Neema, kule kwenye visima, ukingo..." Sikumwachia amalize. Nilikuwa naandika agenda. Nikamwambia lile neno langu. Akaingia ndani, maji yanamdondoka begani.

Siku ya mkutano aliwahi. Hilo peke yake lilitosha kunigutusha, kama ningekuwa mtu wa kugutuka. Saa nne kamili alikuwa amekaa mbele kabisa ya akina mama, pamoja na Mama Salima, mwenzake wa kuteka maji, bila ndoo. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Agenda ilikuwa moja, ujenzi wa zahanati, na tulikuwa na mgeni kutoka kata ambaye alisema mapema kwamba saa saba ana safari. Nikaahidi tutamaliza saa saba.

Tulipofika kwenye uchimbaji wa udongo, akanyoosha mkono. Wewe unamjua mama yako, hakuwa mtu wa hadhara. Mkono wake haukufika juu, uliishia usawa wa sikio, kama mtu anayerekebisha kilemba. Niliuona. Naandika hapa nikiwa na akili zangu timamu: niliuona. Nikasema mbele ya wote kwamba watu wa nyumba yangu watasubiri. Wengine wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Akashusha mkono.

Akanyoosha tena wakati vijana wa tofali wanatoa taarifa. Nikamwambia bado. Mara ya tatu Mama Salima alimsukuma kiwiko, akanyoosha, na mimi sikusema kitu, nikapitisha macho juu yake nikamwita mwanamume mmoja kwenye benchi aliyetaka kueleza jambo la kuni za kuchomea tofali. Yule bwana alieleza mambo ya kuni kwa urefu wa kuchosha. Sikumpulizia filimbi, kwa sababu alikuwa ndani ya hoja.

Ikabaki mengineyo. Mgeni akatazama saa. Mimi nikaita, "Mengineyo?" nikitazama mabenchi. Mabenchi hayakuwa na neno. Sikugeuza shingo upande wa ukuta, kwa sababu nilijua nikigeuza nitakuta nini, na saa saba ilikuwa imebakiza dakika mbili. Nikafunga mkutano. Saa saba kamili. Mgeni alinishika mkono akasema hajaona kijiji chenye nidhamu kama hiki, na mimi nikarudi nyumbani nimepandisha mabega.

Chakula cha mchana kilikuwa ugali na mlenda. Tulikula kimya. Mwisho nikaona si vizuri, nikamwuliza, nusu utani, alitaka kusema nini kule. Mama yako aliendelea kukusanya vyombo. Kisha akaniambia, bila hasira kabisa, "Mkutano si umefungwa, Mwenyekiti?"

Mwenyekiti. Ndani ya nyumba yetu. Nilicheka. Nikadhani ananitania, na labda alikuwa ananitania, mama yako alikuwa na utani wake wa chinichini. Nikanawa nikaenda kupumzika. Kuuliza mara ya pili kungenigharimu nini? Ningemshika mkono nikamwambia Marietha, acha utani, sema. Nimeulizwa maswali mengi maishani lakini hilo hakuna aliyewahi kuniuliza isipokuwa mimi mwenyewe, kila siku.

Yaliyofuata unayajua kwa sehemu. Mvua ya kwanza ilinyesha kule juu, siyo hata kwetu. Asubuhi akina mama wakaenda kuteka, ukingo ukashuka. Mama Salima alikuwa ametoka na ndoo yake hatua chache, ndiyo maana yuko hai. Mama yako alikuwa ameinama kisimani. Mimi nilikuwa upande wa pili nakagua tofali zilizokauka. Tulichimba kwa majembe, kisha kwa mikono, kwa kuogopa kumuumiza. Sitaandika zaidi ya hapo. Wewe ulifika na basi siku ya pili, umevaa sare za shule, na watu wakakuambia ni kazi ya Mungu haina makosa. Nami nilikuwa nimekaa pale kwenye mkeka na nikaitikia.

Ukingo haukuanguka ghafla, mwanangu. Baada ya matanga Mama Salima alinijia shambani. Hakupiga kelele. Alisema kwamba ukingo ulikuwa na ufa juu, mrefu hatua tatu, mkono unaingia, na Marietha ndiye aliyeuona kwanza. Alitaka kuomba mkutano mambo mawili tu: vijana wahamie mbele wakachimbe mbali na visima, na akina mama watekee ng'ambo mpaka ukingo ubomolewe kwa usalama. Ndiyo hoja yake yote. Dakika moja. Tena mkutano ulipofungwa alikwenda mwenyewe akaweka matawi ya miiba juu ya ufa ili watoto wasikanyage. Akawaambia wenzake watekee ng'ambo, lakini kule maji yalikuwa hayajatoka vizuri, wakarudi palepale. Na yeye akarudi nao.

Mama Salima akaniuliza, "Ulidhani anataka kusema nini, kwamba anakuomba khanga?" Kisha akaenda zake. Ni mwaka wa tisa sasa, ananisalimia kwa adabu tu.

Ungedhani hapo ningejirudi. Ngoja, bado. Jambo baya kuliko yote sijaliandika, na nimekwisha kunywa chai mbili kulikwepa.

Mkutano uliofuata ulikuwa mwezi na siku kadhaa baadaye. Watu waliniambia nipumzike, makamu aongoze. Nikakataa, nikafa na tai yangu shingoni. Nikafungua rasmi, saa nne kamili. Tulisimama dakika moja kumkumbuka mama yako, nikawashukuru kwa kutusaidia kuzika. Kisha agenda namba mbili, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Katibu akausoma wote. Alipofika mwisho akasoma: "Mengineyo: hayakuwepo. Mkutano ulifungwa saa saba kamili mchana."

Kijana yule hakukosea. Aliandika kilichosemwa, na mama yako hakusema. Mikono yake mitatu haikuwa na mahali pa kuandikwa.

Ikawa zamu yangu kuuliza: je, muhtasari huu ni sahihi? Niliuliza. Na kwa desturi yetu mwenyekiti ananyoosha mkono na wengine ili kuonyesha mfano. Nilinyoosha. Mikono yote ikaenda juu, mabenchi na ukutani, isipokuwa ya Mama Salima, aliyeweka mikono yake mapajani akanitazama. Nikatangaza umethibitishwa. Nikashika kalamu, nikatia sahihi.

Mtu anaweza kusema siku ile ya kwanza nilikuwa na kiburi na haraka, na kiburi ni ugonjwa wa watu wengi. Lakini siku ya sahihi nilikuwa najua kila kitu. Nilijua ufa, nilijua mikono, nilijua kwamba nikisema neno moja watu watasema Mzee Utaratibu alimwua mkewe kwa utaratibu. Nikachagua jina langu. Mama yako akatoka kwenye kitabu cha kijiji kama mtu ambaye hakuwa na la kusema.

Nikaendelea kuwa mwenyekiti miaka minne baada ya hapo. Zahanati ikaisha, kwa tofali zilezile. Ulipougua malaria wakati wa likizo nilikupeleka pale, ukalala kitandani, nami nikakaa nje nimeegemea ukuta nikiwaza udongo ule ulitoka wapi. Watu walinisifu siku nilipong'atuka. Wewe ulisimama ukasema hotuba, ukasema umejifunza haki kwa baba yako. Utakumbuka nilitoka kabla hujamaliza. Uliambiwa nimeshikwa na tumbo.

Kwa hiyo usiniombe kukufundisha nidhamu ya mkutano. Ninachokijua ni kidogo na nimekipata kwa bei ambayo sikulipa mimi. Wewe utakuwa katibu. Utakaa pembeni ya mwenyekiti na kitabu, na utaona asichokiona yeye au asichotaka kukiona. Ninakuomba uandike mkono ulionyooshwa na haukuitwa. Hakuna mahali pake kwenye kijitabu, najua. Andika hata kwa penseli pembeni: fulani, mara tatu, hakupewa nafasi. Halafu mkutano ukiisha umfuate huyo mtu mpaka kwake umwulize, na akikuambia mkutano umefungwa, kaa. Kaa mpaka aseme.

Na kule uendako utakuta Wagogo, Wasukuma, Wanyaturu, wafugaji wanaohama na ng'ombe, watu ambao Kiswahili kwao ni cha sokoni tu. Mikono ya wengi wao itaishia sikioni. Sina la zaidi kwenye hilo, utaliona mwenyewe, una macho ya mama yako.

Sasa kwa nini nakuambia leo, baada ya miaka yote nikiwa nimefunga mdomo. Ni kwa sababu ya alizeti ile juzi. Uliposema mikutano ya kule iwe kama yangu, nikaona kosa langu linapanda basi na wewe.

Jana nilikwenda kwa mwenyekiti wa sasa. Ni kijana niliyemlea mimi mwenyewe, filimbi ninayo lakini maneno nilimwachia yote. Nikamwambia Jumamosi kwenye mkutano mkuu nataka kusimama nisahihishe muhtasari wa miaka tisa iliyopita. Alinitazama kama mtu aliyepigwa na jua. Akasema muhtasari ukithibitishwa umethibitishwa. Akasema, "Mzee, utajidhalilisha bure, mambo yamepita." Nikamwambia mambo hayajapita, yamefungwa tu. Nilimbembeleza mpaka nikaona haya. Mwisho akaguna, akachukua kalamu, akasema ataniweka kwenye mengineyo, kama muda utaruhusu, kwa sababu wana wageni kutoka wilayani.

Nilimfundisha mwenyewe kusema hivyo.

Jumamosi nitawahi. Nitakaa ukutani na akina mama, karibu na Mama Salima kama atanisogezea nafasi, na nitanyoosha mkono mpaka juu kabisa, na nitauacha juu. Wakifunga bila kuniita nitasema wakiwa wanakunja mikeka. Nataka kijiji kisikie kwamba Marietha alikuwa na neno, na neno lenyewe lilikuwa hili, na aliyelizuia ni mimi. Watanifanyaje sijui. Baba yako mdogo amekasirika tayari, anasema namchafua na yeye. Labda. Nimekwisha kumwomba radhi mapema.

Lakini wewe si mkutano, na sikutaka ukae kule Itigi usikie kwa simu ya mtu mwingine kwamba baba yako amesimama kijijini akasema haya. Wewe ndiye uliyepoteza mama. Mimi nilipoteza mke na nikabaki na heshima, wewe hukubaki na kitu.

Barua hii nitaiweka ndani ya begi lako, chini ya vyeti, ili uikute ukiwa umefika. Ukiikuta njiani usishuke. Kuna kijiji cha watu kinakusubiri, na hakikukosea kitu. Kesho stendi nitakubebea begi kama kawaida na nitakuambia safari njema, nawe utanipa shikamoo ukiwa bado hujajua. Nisamehe kwa shikamoo hiyo moja pia, naitaka sana, ya mwisho kama itakuwa ya mwisho.

Sikuombi unisamehe mengine leo. Ukitaka kunyamaza mwaka mzima, nyamaza. Ukitaka kuja Krismasi unipigie kelele hapa uani majirani wasikie, njoo. Ukitaka kuandika, andika, ukianza na lolote, kwa mpangilio wowote, kurasa ngapi sijali. Ukitaka kupiga simu, piga saa yoyote. Nitapokea, nitakaa chini, na mpaka umalize sitakukatiza hata neno moja.

Mimi,
Baba yako